Mambrui: Mji Mkongwe wa Pwani Ambao Wasee Wengi Hupita tu Wakielekea Lamu

Kama unaishi Kanairo, kuna kitu chako ambacho kimefika Mambrui kabla yako. Yale maji ya Nairobi River unayovuka kila asubuhi ukiziba pua, hayaishii Dandora wala Ruai. Yanaingia Mto Athi, yanateremka Ukambani, yanapita Tsavo ambapo mto unabadilisha jina na kuitwa Galana, halafu karibu na pwani unaitwa Sabaki. Mwisho wa safari ni Bahari Hindi, kaskazini kidogo ya Malindi. Na ukisimama pale mto unapomwaga maji, mji ulio karibu upande wa kaskazini ni Mambrui.

Wasee wengi wanaoenda Malindi hawavuki lile daraja la Sabaki. Wanaovuka, wengi wako kwa basi la Lamu, wamelala, mdomo wazi. Wakiamka wako Gongoni tayari. Hivyo ndivyo mji wenye stori ya miaka mamia unavyopitwa kila siku kama stage ya kushukisha mzigo.

Hii hapa ni stori nzima: Mambrui ni nini, kuna nini cha kucheki, unafikaje, unavaa nini, unakula nini, na ni mambo gani usiyafanye ukiwa huko. Iweke mahali, kwa sababu siku mbogi itaanza kuuliza "Desemba tunaenda wapi?", wewe utakuwa na jibu tofauti na lile la kila mwaka.

Mambrui iko wapi, na unafikaje?

Mambrui iko Kaunti ya Kilifi, eneo la Magarini, kama kilomita 15 kaskazini mwa Malindi. Mji wenyewe umekaa ufuoni kabisa, kando ya barabara kuu inayotoka Malindi kwenda Garsen na Lamu. Ukiwa barabarani unaona vibanda, maduka na stage ya nduthi, unadhani umemaliza. Mji mkongwe uko upande wa bahari, inabidi ushuke na utembee.

Kutoka Nairobi una njia tatu. Ya kwanza, basi la usiku hadi Malindi. Ya pili, treni ya SGR hadi Mombasa, halafu mathree ya Malindi, safari ya kama kilomita 120 ambayo inategemea sana vile jam ya Mtwapa imeamka. Ya tatu, kama mfuko uko fiti, ndege hadi uwanja wa Malindi.

Ukishafika Malindi, tafuta mathree zinazoenda upande wa Gongoni na Marereni. Mwambie konda mapema kwamba unashuka Mambrui. Tuktuk na nduthi pia zinafika, lakini elewana bei kabla hujakalia kiti. Uliza watu wawili watatu bei ya kawaida ni gani, ndio usilipishwe ya mgeni.

Mkivuka daraja la Sabaki, angalia maji. Wakati wa mvua yanakuwa mekundu kama chai ya matope. Huo ni udongo wa mashamba ya bara unaoenda baharini. Mwaka wa 2007, wanasayansi walichapisha utafiti walioufanya kwa tumbawe la Malindi lenye umri wa kama miaka 300. Tumbawe hukua kwa matabaka, kama mti, kwa hivyo kila tabaka huweka rekodi ya maji ya wakati wake. Walikuta kwamba udongo uliokuwa ukiletwa na mto uliongezeka sana kuanzia mwanzo wa karne ya 20, wakati wa ukoloni, mashamba yalipopanuliwa bara. Kwa hivyo ukiona ufuo wa huku si ule wa maji ya bluu ya kwenye kalenda, usilalamike kwa wenyeji. Rangi hiyo imetoka kwenu.

Kwa nini watu walijenga mji hapa?

Tukiambiwa "mji wa kale wa bandari" akili zetu zinakimbilia Venice, Alexandria au Istanbul, ile miji ya Mediterania ya kwenye filamu. Lakini pwani yetu ilikuwa na mnyororo wake wa bandari, kutoka Somalia hadi Msumbiji, na biashara yake ilifika Uarabuni, Uajemi, India na China.

Injini ya biashara hiyo ilikuwa upepo. Kuanzia kama Desemba hadi Machi unavuma kaskazi, unaoleta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kisha upepo unageuka, kusi inaanza kuvuma na kuyarudisha kwao. Nahodha akichelewa kuondoka, anakwama hadi msimu ugeuke. Na mtu akikwama miezi kadhaa mahali, anapanga nyumba, anaoa, anajifunza lugha. Sehemu ya stori ya Waswahili imejengwa hapo.

Mambrui ilikuwa na mambo mawili ya kuwavuta wafanyabiashara. Bahari mbele, na mto pembeni ambao bonde lake linafungua njia ya kwenda bara, kule pembe za ndovu na bidhaa nyingine zilikotoka. Halafu kulikuwa na chuma. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka wa 1154 huko Sicily, kisiwa cha Mediterania, aliandika kuhusu Malindi na akataja chuma kuwa biashara kubwa ya watu wake. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wamekuta Mambrui mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma. Kwa hivyo mababu wa huku hawakuwa wamekaa ufuoni wakingoja meli ilete vitu. Walikuwa na kiwanda.

Kaburi la nguzo: kitu cha kwanza kutafuta

Makaburi ya nguzo ni kitu cha Waswahili. Kuanzia Somalia hadi Tanzania utayakuta: kaburi limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na juu yake inasimama nguzo ndefu. Yalikuwa ya watu wazito wa mji. Mara nyingine wajenzi walipachika ndani ya ukuta au nguzo bakuli na sahani za kauri kutoka nchi za mbali.

Kaburi la nguzo la Mambrui ni kati ya yale yanayotajwa sana pwani ya Kenya, kwa sababu nguzo yake ilipambwa kwa bakuli za China za enzi ya Ming. Nguzo hiyo ilianguka miaka ya 1930, kwa hivyo usiende ukitarajia mnara mzima wa kupiga nao selfi. Utakachokuta ni mabaki. Lakini simama hapo dakika tano ufikirie. Bakuli ilitengenezwa China, ikapakiwa melini, ikavuka bahari, ikabadilisha mikono pengine mara nyingi, halafu mtu wa Mambrui akaona haifai kuliwa wali. Akaipachika juu ya kaburi ili kila anayepita ajue aliyelala hapo alikuwa nani.

Kitu kimoja cha kushika: hilo bado ni kaburi. Usilipande, usilikalie, na usiweke mguu juu yake ili upate picha kali.

Ile sarafu ya China

Mwaka wa 2010 Mambrui iliingia kwenye habari za dunia kwa sababu ya kipande kidogo cha shaba. Wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking, wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walikuwa wakichimba hapa. Upande wa China uliongozwa na Profesa Qin Dashu, na kwa upande wa Kenya alikuwepo Herman Kiriama. Wakapata sarafu ya mviringo yenye tundu la mraba katikati. Maandishi yake yalionyesha ni ya utawala wa mfalme Yongle, sarafu zilizotengenezwa kati ya 1403 na 1424. Walikuta pia kigae cha kauri ya kijani ya Longquan, ambacho Qin alisema kilitoka kwa tanuri lililohudumia ikulu ya China.

Kwa nini hiyo ilikuwa habari kubwa? Yongle ndiye mfalme aliyemtuma amiri Zheng He na msururu wa meli kubwa kuzunguka Bahari Hindi. Safari zilikuwa saba, kati ya 1405 na 1433, na baadhi zilifika Afrika Mashariki. Rekodi za China zinataja Malindi. Mwaka wa 1415 twiga kutoka Malindi alifika China, na watu wa ikulu wakamchukulia kama qilin, mnyama wa baraka kwenye hadithi zao. Huyo ni twiga wa kwetu, buda, aliyekuwa seleb Beijing miaka 83 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka wa 1498.

Hapo sasa ndipo mjadala ulianza. Qin alikuwa na wazo kwamba huenda Malindi ile ya zamani inayotajwa na Wachina haikuwa mahali ilipo Malindi ya leo, bali Mambrui. Ukiwaambia watu wa Malindi hivyo, jiandae kwa kelele. Na kuna swali la haki kabisa: sarafu moja inathibitisha nini? Inaweza kuwa ilidondoshwa na mtu wa Zheng He mwenyewe. Inaweza pia kuwa ilikuja mfukoni mwa mfanyabiashara Mhindi au Mwarabu, miaka mingi baadaye. Pesa hutembea. Hiyo elfu moja iliyo mfukoni mwako haisemi kwamba gavana wa Benki Kuu amewahi kufika kwenu.

Kwa hivyo mtu akikuambia "Wachina waligundua Mambrui", hiyo ni stori ya jaba. Wachina walikuja, kama walikuja, kwa sababu tayari kulikuwa na mji wa kuuza na kununua. Sarafu inaonyesha kwamba Mambrui ilikuwa kwenye mtandao wa dunia kabla Nairobi haijawa hata kambi ya reli.

Upande wa stori usiopigwa selfi

Ukienda na guide anayekuambia bakuli na sarafu pekee, amekupa nusu.

Katika karne ya 19, chini ya masultani wa Zanzibar, ardhi ya Malindi na Mambrui iligeuzwa mashamba makubwa ya nafaka. Malindi ilikuwa imekufa kabisa, ikafufuliwa kuanzia 1861 wakati wa Sultan Majid, na Mambrui ikakua pamoja nayo. Kilimo kilikuwa cha mtama, ufuta na mahindi, na majahazi yalibeba mazao kwenda Zanzibar na Uarabuni. Waliolima hawakuwa vibarua. Walikuwa watumwa, wengi wakitolewa mbali sana kusini, upande wa Ziwa Nyasa. Wengine walitoroka wakaanzisha vijiji vyao bara, wakaitwa watoro. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa pwani ya Kenya mwaka wa 1907 tu.

Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani. Mwenye makaratasi na ujuzi wa ofisi alidai shamba lake. Aliyekuwa mtumwa, au Mgiriama aliyelima bila karatasi, alibaki akiishi kwa ardhi ambayo kisheria ni ya mtu mwingine au ya serikali. Hiyo kitu unayosikia kwenye habari kila uchaguzi, "maskwota wa pwani", mizizi yake iko hapo.

Halafu kuna 1914. Wagiriama walikuwa wamevuka Sabaki na kulima upande wa kaskazini, ardhi yenye rutuba kuliko kwao. Wakoloni Waingereza walitaka vibarua na kodi, na wakaamuru Wagiriama wahame kutoka upande huo wa mto. Mekatilili wa Menza alikuwa ameshaanza kuwahamasisha watu mwaka wa 1913, wakala viapo vya kukataa amri za mzungu. Alikamatwa akapelekwa hadi Kisii, akatoroka na kurudi pwani kwa miguu. Ukifikiria umbali wa Kisii hadi Kilifi bila barabara ya lami, unaelewa kwa nini jina lake halifutiki. Mwaka huo wa 1914 vita vikazuka, na vijiji vikachomwa.

Kwa hivyo lile daraja unalovuka kwa dakika moja lilikuwa mpaka uliomwaga damu. Upande wa Mambrui ndio upande waliokatazwa kuishi. Leo wako huku, na ukisikia Kigiriama sokoni na Kiswahili cha pwani msikitini, ujue hakuna kilichokuja bure.

Siku moja Mambrui: panga hivi

Asubuhi: Fika mapema kabla jua halijawa noma. Tafuta mwenyeji wa kukutembeza. Uliza dukani au kwa wazee wa barazani, hutakosa kijana anayeijua mitaa. Muulize bei kwanza na umlipe vizuri, kwa sababu hiyo ni kazi. Anza na kaburi la nguzo, kisha tembea mji mkongwe polepole.

Adhuhuri: Pumzika. Pwani mchana watu wanalala au wanakaa kivulini, na kuna sababu. Ukiendelea kuzurura saa saba na hiyo ngozi yako ya baridi ya Limuru, utaumwa kichwa hadi Jumatatu.

Jioni: Nenda ufuoni. Mchanga wa Mambrui unametameta ukipigwa na jua, na upande wa mdomo wa Sabaki kuna vilima vya mchanga ambavyo wapiga picha wanavipenda. Upepo ukiwa fiti utaona wasee wakiteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Ule upepo uliosukuma majahazi ndio unaowarusha leo.

Onyo moja serious: usiogelee mdomoni mwa mto. Sabaki ina viboko na mamba, na mkondo una nguvu. Hapo ni pa kucheki ndege. Mdomo huu ni maarufu kwa ndege wa majini, wakiwemo heroe, na wapo wanaosafiri kutoka mabara mengine kuja kupumzika. Nenda na mwenyeji, kaa mbali na kingo.

Maulidi ya Mambrui

Kama unataka kuona mji ukiwa umejaa hadi pomoni, njoo wakati wa Maulidi, sherehe za kuzaliwa kwa Mtume Muhammad (S.A.W.), mwezi wa Mfungo Sita. Wengi wanajua Maulidi ya Lamu, lakini ya Mambrui pia ina jina lake, na watu hutoka sehemu nyingi za pwani kuja hapa. Kuna kasida, dufu, mawaidha, na sinia za chakula ambazo mgeni hakosi kualikwa.

Kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi, kwa hivyo tarehe inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Usibahatishe, uliza kabla ya kukata tiketi. Na kumbuka hii ni ibada. Mambo ya kuja na chupa imefichwa kwa bag, acha Malindi.

Luku na adabu

Mambrui ni mji wa Waislamu wenye kushika dini. Hakuna atakayekufukuza, lakini watu watakuchukulia kulingana na unavyojiweka. Madem: leso begani, nguo ya kufunika magoti na mabega ukiwa mjini. Majamaa: vaa shati, usitembee kifua wazi kati ya nyumba za watu. Nguo za kuogelea zibaki ufuoni, mbali na makazi.

Salamu ni mlango. Usiingie kwa baraza la wazee na "niaje". Sema "Shikamoo mzee" au "Assalaam alaykum", halafu ngoja. Mwanamke mzima mwite mama au bibi, "Shikamoo mama", usimwite "madam". Salamu za pwani ni ndefu: hujambo, wa nyumbani hawajambo, habari za safari. Usiwe na haraka, ukikata salamu umekata stori. Ukifika mlangoni piga hodi na usubiri uambiwe karibu.

Usipige picha ya mtu, hasa akina mama na watoto, bila kuomba. Kuingia msikitini uliza kwanza, vua viatu. Na mwezi wa Ramadhani usile wala kuvuta sigara njiani mchana.

Kudishi

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi na chai ya viungo. Ukimaliza hapo hutaki kusikia mandazi ya Kanairo tena. Mchana ni wali wa nazi na samaki, wa kupaka ukibahatika. Jioni zinatoka viazi karai, bajia, mishikaki na maji ya ukwaju. Mkate wa sinia ukiuona, usiuache. Kisha maliza na kahawa tungu kwa kikombe kidogo, na tende au halua pembeni. Kahawa hiyo haina sukari, na ukikunja uso wazee watakucheka hadi kesho.

Mkila kwa watu, shika mkono wa kulia. Na nunua kwa akina mama wa mtaani. Huo ndio utalii unaobaki mjini.

Ukiwa huko, ongeza hizi

Marafa: Korongo la rangi nyekundu, nyeupe na pinki, linaloitwa Nyari na wenyeji. Unaingia bara kutoka upande huu. Nenda jua likishuka, rangi zinawaka.

Ngomeni: Kaskazini zaidi, kijiji cha wavuvi ambapo kuna kituo cha anga cha Waitaliano. Kutoka jukwaa lililosimama baharini hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei. Ilipewa jina Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Malindi: Nguzo ya Vasco da Gama na kanisa dogo la Wareno. Ukishatoka Mambrui utaiangalia hiyo nguzo kwa jicho tofauti.

Gede: Kusini mwa Malindi, magofu ya mji mzima msituni. Mwaka wa 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kama ilivyofanya kwa Lamu mwaka wa 2001 na Fort Jesus mwaka wa 2011.

Kitu kimoja usichukue

Ukitembea Mambrui unaweza kuona kigae kidogo ardhini, cheupe chenye mchoro wa bluu au kijani kama jani. Kitakuwa kizuri. Kitatoshea mfukoni. Usikichukue.

Sheria ya mwaka wa 2006 ya makavazi na turathi inalinda vitu vya kale, na kuvihamisha bila kibali ni kosa. Lakini weka sheria kando kidogo. Kigae kikiwa mahali kilipolala, mchimbaji anaweza kujua ni cha wakati gani, kilikuwa karibu na nini, nani alikitumia. Kikishafika kejani kwako Roysambu, juu ya TV, ni kipande cha sahani iliyovunjika, basi. Sarafu ya 2010 ilikuwa na maana kwa sababu ilitoka ardhini ikiwa mahali pake na wataalamu wanaangalia. Ingekuwa imeokotwa na mtalii miaka mitano kabla, usingesoma sehemu ile ya juu.

Gede ina ua na tiketi na walinzi. Mambrui ni mji unaoishi: watu wanajenga nyumba, wanachimba vyoo, wanazika wafu wao juu ya mji wa mababu zao. Hawawezi kusimamisha maisha ili sisi tuje kushangaa. Kinachoweza kusaidia ni wageni wanaofika, wanaolipa mwenyeji awaeleze, wanaokula hapa na kuacha kila kigae kilipo. Kijana wa Mambrui akiona stori ya babu yake inalipa karo, ataichunga kuliko askari yeyote.

Kwa hivyo raundi hii, basi likivuka Sabaki, usilale. Mwambie konda "shukisha hapo Mambrui". Na kama mtasimama darajani kucheki yale maji mekundu, ile chupa ya plastiki uliyomaliza kunywa iweke kwa bag. Zile mlizotupa Nairobi zinakuja zenyewe.